Kungoja pamoja: fundisho kutoka kijiji cha Andavadoaka, kando ya bahari



Kila mukulima wa kahawa anajua kama tunda la kijani halilipe sawa na tunda jekundu. Anajua vizuri sana, haitaji mutu amufundishe. Lakini kila musimu, watu wanavuna kahawa yenye haijaiva. Wengine wanaiuza ingali maua, kwa muchuuzi mwenye kuleta feza kidogo wakati wa njaa. Kwa kakao ni vilevile: mutu anakata tunda mbele ya wakati wake. Juu ya nini? Ukimuuliza, atakujibu: «Nikiiacha, mwizi atanitangulia.» Ao: «Watoto wanangoja feza ya masomo leo, hapana mwezi kesho.»

Basi shida yetu si kukosa akili. Shida ni hii: kungoja peke yako ni hatari. Mwenye kungoja peke yake anaweza kupoteza vyote.

Katika fundisho hili tutaenda mbali kidogo, mpaka kando ya bahari, kwa watu wenye hawana mashamba. Wao wanavua. Walikuwa na shida ileile, na walipata njia ya kungoja pamoja. Tutaona namna walifanya, namna siku ya kwanza iliwachanganya, na mambo ambayo njia yao haikuweza kutengeneza. Kisha tutarudia kwetu.

1. Kijiji na watu wake

Andavadoaka ni kijiji cha Madagaska, kile kisiwa kikubwa kilicho upande wa mashariki ya Afrika. Kiko kusini-mangaribi ya kisiwa. Watu wake wanaitwa Vezo. Jina hilo linataka kusema «piga kasia». Lugha yao ni ingine, lakini kuna maneno ambayo sikio letu linatambua: ng'ombe wanamuita omby, na kanga wanamuita akanga.

Ni mbali. Mji mudogo wa karibu, Morombe, uko kama kilomita 45 upande wa kaskazini, na barabara ni muchanga. Kwenda Toliara, mji mukubwa wa sehemu ile, gari yenye nguvu inachukua siku nzima. Watu wengi wanasafiri kwa mutumbwi wenye tanga, wakifuata upepo.

Mvua ni kidogo sana. Mutu wa Kivu akifika pale atashangaa: udongo ni mukavu, miti ni ya miiba, na mibuyu imesimama kama mitungi. Muhogo na mahindi vinatoka kwa wakulima wa ndani, na Vezo wanavinunua kwa feza ya samaki, ao wanabadilisha kwa samaki wakavu. Ni kusema, bahari ikikosa kutoa, hakuna shamba la kukimbilia. Na mara kwa mara zoruba kubwa inakuja kutoka baharini. Mwezi wa pili 2013, zoruba yenye jina Haruna iliingia karibu na Morombe ikabomoa nyumba na kuharibu mitumbwi.

Pale ndipo watu wanalea watoto. Swali lao ni lile letu: je, kijiji hiki kitaweza kulisha wajukuu wetu, ao wataenda wote mujini?

2. Pweza ni nini?

Kwa sisi wenye hatuishi kando ya bahari, tueleze kwanza. Pweza ni nyama ya bahari yenye mikono minane na haina mufupa hata mumoja. Anajificha katika matundu ya mawe ya bahari, yenye kuitwa matumbawe. Nyama yake ni nzuri, na Ulaya wanainunua kwa bei.

Jambo lingine lenye ziwa letu halina: bahari inashuka na kupanda kila siku. Wakati mwezi ni mupya, ao wakati umejaa, maji yanashuka zaidi na mawe yanabaki wazi. Saa ile wamama wa Vezo wanatembea kwa miguu juu ya mawe, wakiwa na mukuki mudogo, wakitafuta matundu. Haiombi mutumbwi wala mashine. Ndiyo sababu pweza ni feza ya wamama zaidi, hata kama wababa pia wanamuvua kwa kuzama.

Sasa musikilize vizuri namna pweza anaishi, sababu fundisho lote linasimama pale:

- Anakua mbio sana. Akiwa kijana, uzito wake unaweza karibu kuzidishwa mara mbili kwa mwezi mumoja.
- Anaishi muda mufupi, mwaka mumoja ao kupita kidogo.
- Mama pweza anataga mayai mara moja tu. Anataga elfu nyingi, anayachunga ndani ya tundu bila kula, na yakisha kupasuka anakufa.

Kwa hiyo, ukimukamata kabla hajataga, umeua mutoto na wajukuu siku moja. Na ukimuacha miezi miwili tu, unamukuta mukubwa sana.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama mumoja anaona pweza 10 wa nusu kilo. Akiwakamata leo, ni kilo 5. Akiwaacha miezi miwili, na kila mumoja afike kilo 2, hata watatu wakifa ao wakikimbia, wanabaki 7. Saba mara mbili ni kilo 14. Hakuna mbolea yenye kufanya hivyo katika shamba.

Lakini jiulizeni: mama yule akiwaacha, na jirani akipita kesho asubuhi na mukuki wake? Atakuwa amengojea jirani. Ni kahawa ya kijani tena.

3. Shida ilikuja na soko

Zamani pweza ilikuwa chakula cha nyumbani, ao ilikaushwa na kuuzwa karibu. Mwanzo wa miaka ya 2000, wachuuzi wa kampuni zenye kuuza Ulaya walianza kufika vijijini na barafu. Wakanunua pweza mubichi kwa kilo, na kulipa feza palepale.

Ilikuwa furaha. Mama mwenye hakuwa na feza ya chumvi, sasa alikuwa na feza kila wiki. Lakini soko ni kama moto wa jikoni: inapika chakula, na ukiacha kuichunga inachoma nyumba. Kila mutu alitoka na mukuki. Watu wakaanza kutafuta muda murefu zaidi na kukamata pweza wadogo zaidi. Kwa kilo ileile ilihitaji vichwa vingi.

4. Kufunga kwa kwanza

Mwaka wa 2003 shirika moja la Uingereza, Blue Ventures, lilianza kazi Andavadoaka. Wazee wa kijiji, wavuvi, wachunguzi wa mambo ya bahari na wanunuzi walizungumza. Wazo lilikuwa rahisi: tufunge mahali pamoja tu, kwa muda tu, kwa pweza tu.

Kuelekea mwisho wa mwaka 2004 walifunga mahali panaitwa Nosy Fasy, kisiwa cha muchanga chenye mawe ya bahari kukizunguka. Walikifunga miezi saba. Mahali pengine pote palibaki wazi, na samaki wengine waliendelea kuvuliwa. Hakuna mutu aliyeambiwa «kaa nyumbani na njaa».

Walitumia sheria yenye watu wenyewe wanaijua. Kule Madagaska inaitwa dina: ni mapatano ya kijiji, yanayosemwa mbele ya wote, na mwenye kuyavunja analipa amande. Haikutoka mujini. Kila mutu anajua nani aliikubali, na siku gani.

5. Siku ya kufungua: fundisho chungu

Katikati ya 2005 walifungua. Pweza walikuwa wakubwa, kweli. Lakini habari ilikuwa imetembea mbele yao. Watu walitoka vijiji vingine, wengi sana, wakaingia wote siku zilezile. Mavuno yaligawanyika kati ya wale waliongoja na wale hawakungoja. Na miguu mingi juu ya mawe inayaharibu.

Hapa koperative ingine ingesema: «Munaona? Haifae. Tuache.» Wao hawakuacha. Waliona kama wazo ni nzuri lakini mipaka ilikosa. Vijiji jirani navyo vilikuwa vimeona pweza wakubwa kwa macho yao, na vikataka kufunga mahali pao. Hiyo ndiyo dawa: wakati kila kijiji kiko na mahali pake pa kufunga, hakuna tena mwenye kungojea wengine.

Mwaka wa 2006 vijiji zaidi ya 20 viliungana na kuunda eneo moja lenye jina Velondriake, ni kusema «kuishi na bahari». Walichagua komite yao, wakapatana dina moja kwa wote. Kijiji cha Andavadoaka kilipewa tuzo ya Equator, ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia maendeleo. Hata Serikali ya Madagaska ilitia nguvu: tangu 2005 inakataza pweza mwenye hafike gramu 350, na inafunga uvuvi wa pweza sehemu ile kwa majuma machache kila mwaka.

6. Namna wanafanya sasa

Miaka iliwafundisha. Hizi ndizo hatua zenye zimebaki:

*Muda mufupi.* Miezi saba ilikuwa mirefu, na pweza anaishi kidogo: ukingoja zaidi, anakufa wa uzee bila kukufaidi. Sasa wanafunga miezi miwili ao mitatu.

*Mahali padogo.* Kijiji kinafunga kama sehemu moja kwa tano ya mahali pake pa kuvua pweza. Sehemu ine zinabaki wazi, watu wanaendelea kula.

*Kikao mbele ya yote.* Wanachagua mahali pamoja na wale wenye kuvua pale, hasa wamama. Ukifunga mahali pa karibu na kijiji, unagusa wamama wazee na wale wenye mutoto mugongoni, wenye hawawezi kwenda mbali. Hilo ni jambo la kupima.

*Kupatana na mununuzi.* Wanamuambia tarehe mbele, alete barafu ya kutosha na feza ya kutosha. Pweza mubichi hangoje. Mununuzi akikosa siku ile, kungoja kote kunaoza juu ya muchanga.

*Kufungua siku ya maji kushuka sana.* Tarehe inafuata mwezi, ili hata mwenye hana mutumbwi aweze kufika kwa miguu.

*Ulinzi na amande.* Watu wa kijiji wanachunga. Mwenye kuiba analipa, hata akiwa mutoto wa mukubwa.

*Kuandika kilo.* Wanapima na kuandika kilo za mbele ya kufunga na za kisha kufungua. Bila kaye, mukutano unakuwa wa kelele tu.

7. Hesabu inasema nini?

Wachunguzi walifuata kufunga 36 katika miaka 8, tangu 2004 mpaka 2011, na kutangaza matokeo mwaka wa 2015. Walilinganisha siku 30 za mbele ya kufunga na siku 30 za kisha kufungua, mahali palepale.

- Kilo zenye zilitoka mahali pale ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Ni kusema zilifika kama mara nane.
- Kilo za kila muvuvi kwa siku ziliongezeka kwa asilimia 87. Hii ndiyo namba ya kuangalia, sababu siku za kufungua watu wanakuwa wengi. Hata wakiwa wengi, kila mumoja alirudia na karibu mara mbili ya zile za mbele.
- Mapato ya kijiji kutoka kwa pweza yalipita mara mbili katika mwezi ule wa kisha kufungua.
- Wakati wa kufunga, mapato ya kijiji hayakuanguka, sababu mahali pengine palikuwa wazi.

Lakini tuseme kweli: si kufunga kote 36 kulileta faida. Nyingi zilileta, zingine hapana. Kungoja hakukosi hasara. Tofauti ni kwamba hasara inagawanywa na wote, haimuangukie mama mumoja.

Wazo lilitembea. Vijiji vingi vya pwani ya Madagaska vilifanya vile, na mwaka wa 2012 vyama vya wavuvi vya inchi nzima vikaungana katika mutandao wenye jina MIHARI. Mwaka uleule, kisiwa cha Rodrigues, mbali katika Bahari ya Hindi, kilianza kufunga pweza miezi miwili kwa mwaka. Na kwa ndugu zetu wa Kiswahili, Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, nako wavuvi wanafunga na kufungua mahali pa pweza.

8. Mambo yenye kufunga hakukutengeneza

Ni vibaya kufundisha mambo mazuri tu. Mutu akisikia nusu ya habari, atajaribu, atakosa, na hatajaribu tena.

*Samaki si pweza.* Samaki wengi wa mawe ya bahari wanakua polepole, miaka na miaka. Miezi miwili haiwasaidie. Ndiyo sababu Velondriake waliweka pia mahali pengine pa kufunga daima. Hiyo ni ngumu zaidi kuikubali, maana mwenye kufunga daima haone siku ya kufungua. Wengi wanasema kama pweza ndiye alifungua mulango: watu walionja faida ya haraka, kisha wakakubali kungoja ile ya polepole.

*Watu wanaongezeka.* Mawe ni yaleyale, mikuki inaongezeka. Wamama wenyewe walikuwa wanatembea mbali kutafuta dawa za kupanga uzazi. Mwaka wa 2007 huduma hiyo ilianza Andavadoaka, kisha ikafika vijiji vingine. Wengine watauliza: uzazi na uvuvi vinakutana wapi? Mama mwenye kuzaa kila mwaka anajua pale vinakutana.

*Kazi ya pili.* Familia zingine zilianza kulima mwani, ni majani ya bahari yenye kufungwa juu ya kamba na kuuzwa makavu. Zingine zinafuga jongoo wa bahari, nyama laini kama kidole kinene, inayonunuliwa sana na Wachina. Wanaifuga ndani ya uzio wa nyavu, wanavuna usiku wakati maji yameshuka. Feza ni nzuri, na wezi wanaijua: ilibidi kuchunga usiku kwa usiku. Mwani nao unapata ugonjwa wakati maji yana joto sana. Hakuna kazi moja yenye kumaliza shida. Lakini familia yenye kazi mbili inaweza kungoja kwa ile moja.

*Bei inaamuliwa mbali.* Kijiji kinaweza kuchunga pweza vizuri, na bei ya Ulaya ianguke. Mununuzi akiwa mumoja tu, anasema bei na watu wanaitika.

9. Turudie kwetu

Inchi ine zenye kuzunguka ziwa Tanganyika, ni kusema Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kufunga uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Kusudi ni sawa: kuacha samaki wazae na kukua. Lakini angalieni tofauti. Andavadoaka walifunga mahali padogo, wakaacha pengine wazi. Ziwa zima likifungwa, swali la «tutakula nini?» linaingia katika kila nyumba ya muvuvi. Kwa hiyo koperative ya kando ya ziwa iko na kazi mbele ya mwezi wa tano: kuweka akiba pamoja, kwa likelemba ao kwa kisanduku cha kikundi, kupanda mboga na maharagi yenye yataiva wakati ule, kutengeneza nyavu na mitumbwi.

Na mahali padogo? Inategemea samaki. Ndagala na sambaza wanatembea kwa makundi katikati ya ziwa. Hutaweza kuwafungia wakubwa katika kona moja. Tilapia ni tofauti. Dume linachimba kiota katika maji mafupi yenye muchanga, na mama anachunga mayai ndani ya kinywa chake. Mahali pa kuzalia panajulikana, kila muvuvi muzee anaweza kukuonyesha kwa kidole. Mahali kama pale vijiji viwili ao vitatu vinaweza kupatana kupachunga, pamoja na shefu na watu wa Serikali wenye kusimamia uvuvi. Kwanza kupatana, kisha kufunga.

Na sisi wa kahawa na kakao? Hatuna cha kuongeza katika bahari, lakini tuko na cha kujifunza. Tunda jekundu ni pweza mukubwa. Mwizi na muchuuzi wa maua ni yule jirani mwenye kutangulia na mukuki. Kikundi kinaweza kufanya haya: kutangaza siku moja ya kuanza mavuno kwa kilima kizima, kukataa, memba wote pamoja, kupokea na kuuza tunda la kijani, kuchunga kwa zamu, hata kwa memba mujane mwenye hana kijana nyumbani, na kuwa na kisanduku cha kukopesha kidogo wakati wa njaa, ili mutu asiuze maua yake. Kama kisanduku hakiko, maneno mazuri yote juu ya tunda jekundu yatapita kama upepo. Tumbo halingoje semina.

Kabla ya kujaribu jambo kama hili, mujiulize masharti matano:

1. Kitu chenye tunangojea kinakua mbio kiasi gani? Watu wataona faida lini?
2. Wakati wa kungoja, kila nyumba itakula nini? Muhesabu nyumba kwa nyumba, musianze na zile zenye nguvu.
3. Nani anaweza kuingia na kuvuna kile hakungojea? Je, naye amekaa katika mukutano?
4. Mununuzi amekubali tarehe na bei? Mbele ya mashahidi?
5. Amande ni ngapi, inaingia mufuko gani, na mutoto wa rais wa koperative atailipa kama wengine?

Sharti moja likikosa, ngojeni kwanza kulitengeneza. Andavadoaka walikosa sharti la tatu, na siku ya kwanza wageni walikula sehemu kubwa. Walilitengeneza kwa kuwaita wageni wale kuwa wenzao.

Andavadoaka haijatajirika. Barabara bado ni muchanga, mvua bado ni kidogo, na kijana mwenye kutaka masomo marefu bado anaondoka. Lakini watu wenye kuishi kwa mavuno ya kila siku wamejifunza kuacha mavuno ya leo yakue mpaka kesho, bila mutu mumoja kuumia peke yake. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema. Wao waliongeza jambo moja: kungoja kuna baraka kama wote wanangoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwetu, ni kitu gani tunavuna mbele ya wakati wake? Kila mutu aseme sababu yake ya kweli, bila kuchekwa.
2. Mara ya mwisho tulipojaribu kungoja pamoja, nani alivunja mapatano, na juu ya nini? Je, alikuwa mubaya, ao alikuwa na njaa?
3. Tuchague kitu kimoja kidogo, mahali pamoja, muda mufupi. Tukijaribu musimu huu, nani ataumia zaidi, na tutamusaidia namna gani?
4. Ni vijiji ao vikundi gani jirani vinapaswa kukaa nasi mbele ya kuanza?
5. Nani ataandika kilo za mbele na za kisha? Kaye itakaa kwa nani, na itasomwa siku gani mbele ya wote?

Murudilie maswali haya katika mikutano miwili, hapana mumoja. Mukutano wa kwanza, watu wanasema yale yenye kupendeza. Wa pili, wanasema yale ya kweli.